Mpimaji Asiyekunywa Maji ya Karuba

Kabla ya kuuliza namba ni ngapi, aliuliza nani aliipima, saa ngapi, na alikuwa amesimama wapi. Ukimwambia maji ya kisima fulani yako mita sita chini, hakuandika. Alikutazama juu ya miwani yake, ambayo upande mmoja ilishikwa na waya, akangoja.

"Mita sita kutoka wapi, Madame? Ku mudomo ya kisima? Ku tofali? Ku udongo?"

Kama hukujua, alifunika kalamu na kusema twende tukaone. Kwenda kuona, kwa milima yetu, ni saa mbili za kupanda na moja ya kuteleza.

Watu wa Karuba, kijiji chetu kwenye milima ya Masisi, walimwita Papa Mupimaji. Hapa nitamwita Mpimaji tu. Jina lake nalijua, lakini yeye hakupenda liandikwe popote isipokuwa chini ya kazi aliyoimaliza, na haya ninayoandika si kazi yake. Alikuwa mtu wa upande wa Butembo, ambako ndugu zake wote ni wafanyabiashara wa maduka na malori. Yeye peke yake alichagua maji yaliyo chini ya ardhi, kitu ambacho, alivyosema kaka yake mkubwa, hakiwezi kupakiwa kwenye lori.

Aliogopa sana maji yaliyo juu ya ardhi. Nilisafiri naye mara moja hadi Ntoto, upande wa Walikale, kukagua vyanzo vya maji vya huko. Kulikuwa na mto na daraja la magogo matatu. Wanawake walipita na vikapu vya mihogo mgongoni bila kupunguza mwendo. Mpimaji alikaa chini, akaifunga kompyuta shingoni kwa kitenge changu alichoazima, akavuka kwa makalio, gogo kwa gogo, macho yamefungwa. Wapakiaji waliokuwa ng'ambo walicheka mpaka wakashika matumbo.

"Papa, maji si njo kazi yako?"

"Maji ya chini," alijibu bila kufungua macho. "Ya juu hatujajuana bado."

Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo liliwaudhi watu kuliko kuwachekesha. Hakunywa maji ya chanzo chochote anachokipima. Alitembea na chupa yake ya chai. Siku ya kwanza alipofika kwenye chemchemi yetu, Mama Prezida, mwenyekiti wa kamati ya chemchemi na mkulima wa maharagwe anayeogopwa na wanaume wa vijiji viwili, alimletea kikombe kilichojaa, kama tunavyompokea kila mgeni. Alikisukuma kando kwa adabu.

"Unaona yetu iko na microbe?" Mama Prezida aliuliza.

"Hapana, Mama. Nikikunywa, nitaipenda. Nikiipenda, nitaisaidia ku makaratasi."

"Basi wewe uko sawa docteur mwenye hagusi mugonjwa," alisema yule mama, akamwaga kikombe karibu sana na viatu vyake.

Nieleze ni nini kilichomleta. Ulikuwa mmoja wa ile miaka ya vita ambayo kilima kimoja kiliweza kubadilisha wenyewe mara mbili kwa wiki. Shule yetu ilikuwa imegeuka nyumba ya watu waliokimbia. Mimi, mwalimu wa darasa la tatu, sikuwa na darasa. Chini ya ubao wangu mama mmoja alikuwa amejifungua. Wengine walijenga kambi ya vibanda kilimani, juu ya shule, na shirika moja la maji likawachimbia kisima kirefu kwa mashine na kukiwekea pompi inayotumia jua. Kabla pompi haijawashwa, shirika hilohilo lilikuwa limenipa kazi ya kupima: visima vinane kwa kamba yenye kizito, na chemchemi kwa saa na bidoni ya lita ishirini. Kila Jumatano na kila Jumamosi, ila wiki zile za kwanza baada ya pompi kuwaka, kila siku. Niliandika yote kwenye daftari la shule.

Wiki chache baada ya pompi kuanza, chemchemi ilianza kufa. Bidoni iliyokuwa ikijaa kwa sekunde arobaini ikawa inahitaji dakika moja na nusu. Foleni ikarefuka, wanawake wakagombana, na kila mtu alikuwa na jibu moja: pompi ya kambi inanyonya maji yetu. Mama yangu mzazi alisema hivyo mbele yangu kila jioni, huku akijua kwamba mkeka wangu nilimwachia yule mama aliyejifungua shuleni. Kamati ikatoa muda: maharagwe yakivunwa kabla chemchemi haijarudi, pompi ifungwe. Shirika likakubali kwamba kama ikithibitika pompi ndiyo inayokausha chemchemi, itafungwa, na watu wa kambi watashushwa karibu na barabara, kwenye maji mengine. Kila mtu Karuba alijua ni watu gani wa bunduki hupita barabarani siku zile. Hakuna aliyehitaji kueleza.

Mpimaji aliletwa kuthibitisha.

Alipewa stoo ya shule, meza moja, na paneli ya jua juu ya paa. Ndani ya kompyuta alijenga modeli. Mimi nilifikiri modeli ni picha. Kumbe ni kilima kizima kilichotengenezwa kwa namba: unakipa mvua, unakipa pompi, kinakuambia maji yatasimama wapi ndani ya ardhi na chemchemi itatoa kiasi gani. Shida ni kwamba hakuna aliyewahi kuingia ndani ya kilima. Udongo wa juu unapitisha maji kwa wepisi gani? Mwamba wa chini una nyufa nyingi au chache? Hayo ni makisio. Ndipo mashine hupewa kazi ya kuyasogeza makisio hayo, huku kidogo, kule kidogo, mara mia na zaidi, hadi maji ya modeli yafanane na maji tuliyopima sisi.

Alinifundisha kwa jibini, kwa maana aliipenda jibini ya Masisi kupita kiasi na daima alikuwa na gurudumu moja zima la jibini hiyo mezani, juu ya ramani.

"Fromaji hii, Madame, haujaona ndani yake. Unaifinya, unaigonga, unaipima ku balanzo, unasema: ndani iko na matundu mingi. Bien. Lakini kama balanzo ni ya uongo?"

"Nitasema uongo juu ya fromaji."

"Njo vile. Na fromaji haitajitetea."

Kwa hiyo hakuiwasha mashine. Wiki tatu nzima alitayarisha. Midomo ya visima vinane aliilinganisha kwa mpira mrefu unaoonyesha ndani, uliojazwa maji, mimi nikishika ncha moja na yeye nyingine, tukipigiana kelele bondeni, ili namba zote zihesabiwe kutoka usawa mmoja. Tuligundua kisima kimoja kilikuwa kimeongezewa matofali mawili kuzuia mbuzi, na tangu siku hiyo kilionekana kimeshuka. Aliifurahia aibu hiyo kama mtu aliyepata ufunguo. Ramani aliigawa vipande kwa kalamu za rangi za wanafunzi wangu, udongo wa rangi moja na mwamba wa nyingine. Kila kipande alikipa namba ndogo kabisa na namba kubwa kabisa ambayo mashine inaruhusiwa kujaribu. Aliziita kuta. Na kila kipimo tulichopima alikipa uzito: kile anachokiamini sana kivute sana, kile cha mashaka kivute kidogo.

Bosi wake alimpigia simu kutoka Goma karibu kila siku, na mtandao ulishika sehemu moja tu, kwenye jiwe nyuma ya jikoni la shule, kwa hiyo wote tulisikia.

"Bado natayarisha, patron... Hapana, siwezi kubonyeza tu... Ndiyo, itanipa jibu. Hata nikiidanganya itanipa jibu, njo ubaya yake. Ukiipa uongo, itapindisha mulima mpaka mulima ufanane na uongo."

Alikuwa na mambo yasiyolingana, na nayaandika kwa sababu ningemficha nikiyaacha. Alihubiri subira, lakini hakuweza kungoja viazi viive. Alivila vikiwa vigumu katikati. Alisali rozari kila asubuhi, Mkatoliki wa kweli, lakini padri alipojitolea kuibariki kompyuta alimwomba aibariki paneli ya jua, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na matatizo. Hakuvumilia neno "siku zote". Ukisema mvua hunyesha siku zote mchana, alikuuliza tarehe. Lakini mwenyewe alisema siku zote kwamba jibini ya Masisi ni bora kuliko ya dunia nzima, na hakuwahi kuonja nyingine.

Siku aliyoiwasha mashine kwa mara ya kwanza, kwa majaribio tu, nilikuwepo. Ilikokotoa tangu asubuhi hadi betri ilipolalamika. Kisha aliinama karibu na kioo.

"Imegonga ukuta," alisema.

Udongo wa kati ya kambi na chemchemi, ili kufuata namba zetu, ulikuwa umesukumwa hadi kwenye ukuta wa juu kabisa, na ungeendelea kama ungeruhusiwa.

"Udongo wa vile hauko Masisi. Hauko hata ku ndoto. Mashine inalazimishwa, Madame. Visima viwili jirani na chemchemi havikushuka hata kidole, lakini chemchemi inaanguka sawa jiwe. Kuko kitu kinavuta vibaya."

Akafungua daftari langu. Akaweka kidole kwenye ukurasa ambao niliuogopa tangu siku alipofika.

"Hizi namba makumi mbili na moja. Zinashuka polepole, sawa ngazi. Hakuna yenye inapanda. Nani alipima?"

Katika siku hizo ishirini na moja, pompi ikiwa bado mpya, risasi zilikuwa zimepita juu ya Karuba. Mimi na mama tulikuwa Mushaki, kwenye sebule ya mtu wa kanisa letu. Niliporudi, chemchemi ilikuwa imepungua kweli. Nilitazama kurasa tupu, nikaona aibu ya mwalimu aliyeacha daftari wazi. Nikachukua namba ya mwisho kabla ya kukimbia, nikachukua namba ya kwanza baada ya kurudi, nikajaza katikati, siku kwa siku, kwa mwandiko mzuri.

"Mimi," nilisema. Kisha nikasema: "Hapana. Hakuna muntu alipima. Tulikuwa tumekimbia."

Nilingoja anipigie kelele. Nilifikiria kambi ikishushwa barabarani kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri. Mpimaji alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Ulikimbia na mama yako?"

"Ndiyo, Papa."

"Alifika muzima?"

"Alifika."

"Bien." Akaandika kitu kwenye kompyuta, mara ishirini na moja, akihesabu kwa sauti. "Nimezipa uzito sifuri. Hatuzifute. Zitabaki pale, kila muntu azione, lakini hazitavuta kitu tena. Ku kaye yako, daftari hii, pia usifute. Andika pembeni: tulikimbia."

Niliandika. Sijui kama nimewahi kuandika neno lililonipunguzia mzigo kiasi kile.

Lakini afueni hiyo haikuwa ya kambi. Chemchemi ilikuwa imepungua kweli, kwa vipimo vya kweli, kabla na baada ya zile ishirini na moja. Maharagwe yalikuwa yanakauka shambani. Mpimaji alirudi kwenye kurasa za zamani, za kabla ya pompi, akanionyesha mchoro alioutengeneza. Mstari wa chemchemi ulikuwa na meno kama msumeno: juu, chini, juu, chini, wiki baada ya wiki.

"Hii niliuliza zamani. Ulisema mvua."

"Ni mvua."

"Mvua yenye kujua Jumamosi?"

Kila jino lilipanda Jumamosi na kushuka kufikia Jumatano. Asubuhi yake alikwenda kukaa kwenye chemchemi na chupa yake ya chai, nami nikamfuata. Mama Prezida alikuwapo, akisimamia foleni kwa fimbo.

"Mama," alimwuliza, "zamani Jumamosi mulikuwa munafanya nini hapa?"

"Tunachota maji. Ulifikiri tunacheza?"

"Mbele ya kuchota."

"Mbele ya kuchota ni salongo! Kila muntu anajua."

Kila mtu alijua, na ndiyo maana hakuna aliyemwambia. Salongo ni ile kazi ya pamoja ya Jumamosi asubuhi. Kwetu kila nyumba hutoa mtu mmoja, mnafyeka, mnafungua boksi la mawe la chemchemi, mnatoa matope na mizizi nyuma ya bomba. Mimi mwenyewe nilishiriki tangu utotoni, na tangu nipewe kazi, nikitoka nilikaa juu ya jiwe na kupima, mikono bado ina matope. Haikunijia kuiandika, kama mtu asivyoandika kwamba alifungua mlango kabla ya kutoka.

"Na salongo ya mwisho ilikuwa lini?"

Mama Prezida alikunja vidole kimoja kimoja. Nilimwona akihesabu nyuma.

"Tangu bale bantu wa bunduki walikuja ku kilima. Walisema wakiona watu kuanzia watano na majembe na mapanga, watajua ni kundi la adui. Tukaacha. Nani atakufa juu ya matope?"

"Ilikuwa mbele ya pompi ao nyuma?"

Akamtazama. Akatazama bomba. "Wiki moja mbele, pompi haijawaka," alisema kwa sauti ndogo, na hapo hapo akaipata sauti yake. "Lakini wewe mutu wa masomo, wiki zote hizi unapima kamba, hukuweza kuuliza mwanamuke mwenye kuosha boksi?"

"Nilichelewa, Mama. Nisamehe."

Ilifanyika salongo ndogo kuliko zote nilizoona. Watu wanne, ili tusifike watano: Mama Prezida, mimi, na wanaume wawili wa kambi ambao Mama Prezida alikwenda kuwachagua mwenyewe, akisema kama watu wao wanakunywa juu ya kilima hiki basi wakione na matope yake. Majembe mawili, hakuna panga. Mpimaji alisimama mbali kidogo, kwa sababu alikuwa wa tano.

Nyuma ya boksi tulikuta mizizi iliyosokotana kama mkeka, na pembeni, chini ya nyasi, ardhi laini ambapo ng'ombe walikuwa wakizama hadi magotini. Maji hayakuwa yameondoka. Yalikuwa yakipitia pembeni. Mmoja wa wale wanaume wa kambi alishika mizizi kwa mikono miwili, akaegemea nyuma, ikatoka yote mara moja naye akaanguka chali. Bomba lilikohoa. Likatoa uji mweusi, kisha maji ya kahawia, kisha, tulipokuwa bado tunacheka, maji meupe yenye nguvu.

Nilitega bidoni. Pompi juu kambini ilikuwa inanguruma, tuliisikia. Nilitazama saa.

"Arobaini na tatu," nilisema.

"Umesimama wapi?" Mpimaji aliuliza kutoka kule.

"Ku jiwe yangu!"

"Pima tena."

Nilipima mara tatu. Mama Prezida alikaa chini matopeni na kitenge chake kizuri na kumshukuru Mungu kwa Kihunde, kwa sauti kubwa kiasi kwamba mwenzake wa kambi alimwomba apunguze, bunduki zisije. Mpimaji hakushangilia. Aliandika zile namba, akafunika kalamu na kusema, "Sasa njo nitaanza."

Akaanza. Safari hii udongo haukugonga ukuta wowote. Mashine ilimwambia kwamba pompi huchukua maji yake mengi kwenye mwamba wa chini, na kutoka kwa chemchemi huchukua kidogo, zaidi wakati wa kiangazi. Aliandika pompi ipumzike saa fulani za mchana miezi hiyo. Mtu wa kambi alipompigia makofi mkutanoni kwa kuitetea pompi, alikasirika.

"Sikusema haina kosa. Nilisema kosa yake ni ndogo, na najua ni ndogo namna gani."

Maharagwe yalivunwa. Pompi haikufungwa. Kambi ilibaki kilimani mpaka watu wake wenyewe walipochagua kurudi kwao, familia moja moja, na nilirudishiwa darasa langu, na ubao, na mkeka.

Mwaka jana nilisikia kwamba anaishi Mubi, huko Walikale, kwa kaka yake mwenye duka. Likizo ilipofika nilipanda lori. Siku mbili za barabara ya msitu, nikiwa kwenye kabini kati ya dereva na mzigo wa sabuni. Nilimkuta kwenye benchi mbele ya duka, pikipiki zikipita karibu na magoti yake. Miwani ilikuwa mpya. Macho yalikuwa yamechoka, na alinitambua kwa sauti.

"Madame! Sursi inaendelea?" aliuliza, akimaanisha chemchemi.

Nilitoa daftari. Siku hizi lina safu mbili kwa kila Jumamosi, moja kabla ya salongo na moja baada. Nilimsomea ukurasa mzima. Alisikiliza akitikisa kichwa kwa kila namba.

"Na zile makumi mbili na moja?"

"Ziko. Sikufuta."

"Muzuri sana."

Kisha nikatoa chupa. Nilikuwa nimeibeba tangu Karuba. Aliishika, akaizungusha mkononi.

"Nani alichota?"

"Mimi."

"Wapi?"

"Ku bomba, Papa. Juzi asubuhi. Mama Prezida alikuwa ananiangalia. Alisema nikuambie kikombe chake bado kinakungoja, lakini kwa sasa ukunywe hii."

Alicheka, akageuka kidogo upande wa duka, kama mtu anayehakikisha bosi wa Goma hayupo mlangoni. "Kazi nimeacha," alisema. "Sasa naweza." Akafungua, akanywa, koo lake likipanda na kushuka, hadi chupa ilipobaki na povu chini.

Chupa ile ilikuwa imekaa siku mbili kwenye jua la kioo cha lori, juu ya injini. Nilipoipokea ilikuwa na joto la chai.

Mpimaji alipangusa ndevu kwa mkono, akafumba macho.

"Iko baridi," alisema. "Iko baridi sawa kikombe ya Mama Prezida siku ile."

Sikumwuliza alikuwa amesimama wapi.